Ugomvi wa hezi 600 na feni ya mama

Leo mnivumilie. Siandiki siasa, wala foleni za Dar, wala mpira. Naandika habari za kisanduku cha chuma kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, ambacho kwa majuma matatu kilimnyima usingizi rafiki yangu mmoja, na kwa kuwa ni rafiki yangu kikaninyima na mimi. Najua wapo watakaosema hii ni mada ya mafundi. Someni kwanza. Mwisho wa yote ni habari ya namba mbili zinazogombana na mtu mmoja anayetakiwa kusema ipi ni ya kweli. Kama hiyo siyo kazi yangu ya kila siku, basi sijui kazi yangu ni ipi.

Rafiki yangu huyu tulikuwa pamoja chuoni. Mimi nilisoma maneno, yeye akasoma umeme. Siku hizi anajitegemea: anatengeneza mitambo ya kurushia matangazo, hasa ya vituo vidogo vya FM vya mikoani visivyo na uwezo wa kuajiri injinia. Jina lake nalihifadhi kwa sababu ndani ya habari hii kuna fedha za watu. Tumwite Fundi.

Basi kituo kimoja cha mkoani kilimpa Fundi kazi ya kufufua mtambo wake. Akaufufua. Akalipwa nusu, akaambiwa nusu ya pili ataipata mtambo ukishakaguliwa. Mkaguzi akawa fundi mwingine, mtu mzima wa siku nyingi, aliyeletwa na mwenye kituo. Mzee akachomeka kihesabu masafa chake, akasoma, akatikisa kichwa: mtambo umehama. Kihesabu cha Fundi kilikuwa kimesoma namba nyingine. Tofauti kati ya namba ya kijana na namba ya mzee ilikuwa hezi 600.

Kwa wale ambao hezi waliziacha kidato cha nne: kituo kinachosikika karibu na megahezi 100 kinautikisa umeme kwenye antena yake mara milioni 100 kila sekunde. Hezi 600 katika milioni 100 ni sehemu 6 katika milioni. Kanuni za kimataifa za redio zinakiruhusu kituo cha FM kupotoka hadi hezi 2,000. Kwa maneno mengine, ukimwamini kijana mtambo ni mzima, na ukimwamini mzee mtambo bado ni mzima. Hakuna msikilizaji hata mmoja ambaye angeona tofauti.

Lakini nenda kamweleze mwenye fedha. Yeye kanuni hakuziuliza. Aliuliza swali moja tu: "Mbona namba zenu hazifanani? Mmoja wenu ananidanganya." Na mimi, kwa uandishi wangu, nakiri kwamba swali ni zuri. Mhariri wangu angeuliza hilohilo.

Fundi alirudi Dar akiwa na nusu ya malipo na swali zima. "Kaka," akaniambia, "mimi nina kipimo, mzee naye ana kipimo. Sasa nani aliyevipima vipimo?"

Hapo ndipo habari yenyewe inapoanza.

Kihesabu masafa kinafanya jambo moja. Kinafungua mlango kwa sekunde moja, kinahesabu mapigo yanayopita, kinafunga mlango, kinaandika namba. Nani anakiambia kwamba sekunde imekwisha? Fuwele iliyomo ndani yake. Fuwele ikienda polepole, mlango unakaa wazi zaidi, mapigo ya ziada yanapita, na namba inakuwa kubwa kuliko kweli. Ikienda haraka, namba inakuwa ndogo. Kwa hiyo ugomvi wa kijana na mzee haukuwa ugomvi juu ya mtambo. Ulikuwa ugomvi juu ya sekunde. Kila mmoja alikwenda mkoani na sekunde yake mfukoni.

Fuwele hizi ni za kwatzi, jiwe la kawaida kabisa, ndugu wa mchanga wa ufukweni. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za namna hii zikibanwa hutoa umeme. Baadaye ikaonekana kwamba kinyume chake ni kweli pia: ukizipa umeme zinajikunja. Ukiikata vizuri na kuipa umeme, fuwele inatetemeka kama kengele ndogo, tena kwa kasi ileile. Mwaka 1927 Warren Marrison na mwenzake katika maabara za Bell, Marekani, wakaitumia kuendesha saa. Saa yako ya mkononi, hata ile ya kununua barabarani, ina fuwele inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Igawe namba hiyo kwa 2 mara 15, utabaki na 1. Hiyo ndiyo sekunde yako.

Tatizo liko kwenye hilo neno "ileile". Fuwele inahama. Joto likipanda inahama, ikizeeka inahama, volti zikicheza inahama. Inahama taratibu bila kelele, na haikuambii. Saa ya ukutani ikipotea dakika mbili utaiona siku uliyochelewa basi. Kipimo kikipotea sehemu 4 katika milioni, utaona nini? Huoni kitu. Kinaendelea kukupa namba zenye tarakimu nane, zimejipanga vizuri, zinawaka taa nyekundu, na wewe unaziamini kwa sababu ni nyingi.

Fundi akaamua kutafuta sekunde isiyo yake wala ya mzee. Na sekunde hiyo inapatikana bure. Iko juu ya vichwa vyetu.

Wengi tunaijua GPS kama kitu cha kumwelekeza dereva wa teksi. Lakini kimsingi GPS ni saa. Setilaiti zake zinazofanya kazi ni zaidi ya 30, ziko kilomita kama 20,200 juu yetu, na kila moja imebeba saa za atomiki. Tangu mwaka 1967 sekunde rasmi ya dunia ni mapigo 9,192,631,770 ya atomu ya sesiamu, na saa za setilaiti hizi huangaliwa kutoka ardhini ili zisiachane na saa rasmi. Hata Einstein amehesabiwa humo: saa ikiwa kule juu inakwenda mbele ya zetu kwa mikrosekunde kama 38 kwa siku, kwa hiyo hupunguzwa kasi kabla ya kurushwa. Na zamani Marekani walikuwa wanaivuruga kwa makusudi ishara wanayowapa raia, mpaka Mei 2000 Rais Clinton alipoamuru waache. Tangu hapo, mtu mwenye kipokezi kidogo cha GPS na antena yenye ukubwa wa kipande cha sabuni anaweza kupata pigo moja la umeme kila sekunde, kutoka kwenye saa ambazo serikali nyingi haziwezi kuzinunua.

Kama ni hivyo, kwa nini fuwele isitupwe tu? Hilo nilimuuliza Fundi na jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Pigo la GPS, alisema, linayumba. Moja linawahi kidogo, linalofuata linachelewa kidogo, kwa makumi ya nanosekunde. Ukipima kwa sekunde 1 tu, kuyumba huko ni kukubwa. Lakini halilimbikizi makosa: mapigo ya siku nzima ni 86,400, hakuna lililozidi wala lililopungua. Fuwele nzuri ni kinyume chake. Kutoka sekunde hii hadi ile imetulia kuliko pigo la GPS, lakini ukiiacha mwezi mzima itakuwa imekwenda zake. Mmoja mtulivu asiye na dira, mwingine ana dira lakini anapepesuka. Unawaoanisha. Fuwele inafanya kazi, setilaiti inaisahihisha taratibu. Mitambo ya namna hii imejaa duniani, kwenye minara ya simu na kwenye maabara, na ya dukani ni ghali. Fundi akatengeneza ya kwake.

Fuwele aliipata mtumba, imetolewa kwenye mitambo ya zamani ya simu. Siyo fuwele ya saa ya mkononi. Hii inatetemeka mara milioni 10 kwa sekunde na imefungiwa ndani ya tanuri dogo, yaani hita inayoiweka kwenye joto lisilobadilika, kali kuliko joto lolote la Dar es Salaam, ili hali ya hewa ya nje isiiguse. Ina mguu mmoja wa kuirekebishia: ukiuongezea volti inakwenda haraka, ukiupunguzia inakwenda polepole. Kwenye fuwele yake, volti 1 inabadilisha hezi kama 2. Akachukua Arduino, akaipa kazi ya kuhesabu mapigo ya fuwele kati ya pigo moja la GPS na jingine, kulinganisha, na kuamua volti za kupeleka kwenye ule mguu. Kila kitu kikawekwa kwenye meza ya sebuleni kwa mama yake, Tabata, na betri ya gari chini ya meza, maana umeme ukikatika tanuri linapoa na kazi inaanza upya.

Siku za kwanza mambo yalikuwa shwari. Kisha akaanza kusoma kumbukumbu ambazo Arduino ilikuwa inaandika usiku na mchana, na akaona nundu.

Kila siku jioni kifaa kilikuwa kinahama. Kwa robo saa hivi fuwele ilikuwa inaachana na setilaiti mpaka ikawa nyuma kwa zaidi ya mikrosekunde 1, halafu Arduino inaivuta taratibu mpaka inarudi. Saa mbili baadaye kunatokea shimo, mfano wa ile nundu lakini limepinduliwa, na hilo nalo linasawazishwa. Akapiga hesabu: fuwele ilikuwa inaruka kwa sehemu kama 2 katika bilioni.

Hapa nilimuuliza swali ambalo hata wewe umeshalifikiria. Sehemu 2 katika bilioni kwenye megahezi 100 ni hezi 0.2. Ugomvi wako na mzee ni wa hezi 600. Kwa nini usiishie hapa, upime kihesabu chako, udai fedha zako?

"Kwa sababu sijui imetoka wapi," akasema. "Kosa ninalolijua ni langu, nalipunguza, naendelea. Nisilolijua, nani kakwambia kesho litakuwa 0.2? Nikimpelekea mzee namba yenye kitu nisichokijua ndani yake, nina tofauti gani na jana?"

Nilinyamaza. Nimeona habari zikienda mitamboni na vitu vingi visivyojulikana ndani yake.

Basi tukaanza kutafuta. Nasema "tukaanza" kwa sababu mimi niliteuliwa kuwa mwandishi wa kumbukumbu, kazi pekee ninayoiweza.

Mshukiwa wa kwanza akawa antena. Ilikuwa dirishani, na jirani ana ghorofa. Mawimbi ya setilaiti yakigonga ukuta wa ghorofa na kurudi, kipokezi kinadanganyika. Tukaipandisha juu ya bati. Setilaiti zinazoonekana zikaongezeka, kuyumba kwa mapigo kukapungua. Nundu haikupungua hata kidogo.

Mshukiwa wa pili akawa anga lenyewe. Sisi tuko karibu na ikweta, na juu ya ikweta lile tabaka la hewa yenye chaji wanaloliita ionosfia lina vurugu kuliko kule Ulaya, hasa baada ya jua kuzama. Jioni! Nilifurahi, nikaona nimeshapata kichwa cha habari. Fundi akanipunguzia furaha kwa kalamu: vurugu hiyo inachelewesha ishara kwa makumi ya nanosekunde, na sisi tulikuwa tunaona nanosekunde zaidi ya 1,000. Mtuhumiwa alikuwa mdogo mno kwa kosa lenyewe.

Mshukiwa wa tatu akawa uzee wa fuwele. Huyu aliachiwa mapema. Fuwele ikizeeka inahama polepole kwa upande mmoja. Haizeeki saa mbili usiku ikarudi ujana saa nne.

Kisha Fundi akafanya jambo ambalo wengi wangelifanya. Akaifupishia Arduino subira. Mwanzo ilikuwa inapima mwenendo wa karibu robo saa kabla ya kuigusa fuwele. Sasa akaiambia isahihishe kila baada ya sekunde chache. Nundu ikawa ndogo kweli. Lakini sehemu nyingine yote ya mstari, iliyokuwa imetulia kama ziwa, ikachafuka. Kifaa kikawa kinafuata kila pepesuko la pigo la GPS, kinaisukuma fuwele huku na huku kwa makosa ambayo yangejifuta yenyewe kama kingesubiri. Akairudisha subira yake.

Niseme kidogo hapo, kwa sababu nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile. Katika chumba chetu cha habari wapo watu wa aina mbili. Yupo anayebadilisha habari yake kila simu inapolia, na huyo anadhani anakwenda na wakati. Na yupo aliyejiamini tangu asubuhi ambaye hapigi simu kwa mtu yeyote mpaka gazeti linakwenda kuchapwa. Wa kwanza anapepesuka, wa pili anahama bila kujua. Hakuna kati yao anayepona kwa kuwa kama mwenzake. Swali ni usikilize kwa muda gani kabla ya kugeuka, na jibu lake linategemea wewe mwenyewe umetulia kiasi gani na anayekuambia anapepesuka kiasi gani.

Turudi Tabata. Fundi akasema kuna jaribio moja la kutenganisha mbingu na dunia. Setilaiti za GPS huzunguka dunia mara mbili katika saa 23 na dakika 56, siyo saa 24. Kwa hiyo mpangilio wa setilaiti unaouona leo saa mbili kamili utauona kesho dakika 4 kabla ya saa mbili. Kosa linalotoka angani litawahi kwa dakika 4 kila siku, karibu nusu saa kwa wiki. Kosa linalofuata jua litakaa palepale. Tukae wiki moja bila kugusa kitu.

Nilichora jedwali. Jumatatu nundu ilikuja saa mbili usiku na dakika chache. Jumanne, vilevile. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, vilevile. Kwa hiyo siyo angani. Jumamosi haikuja kabisa mpaka karibu saa tano usiku. Jumapili ikaja saa saba mchana.

Tukatazamana. Setilaiti hazijui Jumapili. Jua halijui Jumapili. Nani anajua Jumapili?

Mama. Jioni ya siku za kazi mama anamaliza shughuli zake, anakaa sebuleni kutazama taarifa ya habari ya saa mbili, na kwa joto lile la Februari anawasha feni. Saa nne anazima, anakwenda kulala. Jumamosi ile alikuwa kwenye sherehe ya mwenzake wa kikundi, akarudi usiku mwingi. Jumapili alikuwa na wageni baada ya ibada. Jamani, wiki nzima tulikuwa tunaituhumu mbingu, kumbe kifaa kilikuwa kinatikiswa na taarifa ya habari! Mama alipoelezwa alicheka, akauliza kama sasa tunataka afe kwa joto kwa ajili ya saa.

Watu wengi wangeishia hapo. Feni inapuliza fuwele, fuwele inapoa, inahama. Funika kwa sponji, kula wali. Na kweli Fundi aliifunika kwa boksi la viatu lenye sponji, na nundu ikapungua kama nusu. Lakini hakuridhika, na sababu yake ilikuwa ya kihesabu. Fuwele iko ndani ya tanuri. Tanuri limewekwa kwa ajili ya mambo kama feni. Kwa fuwele ya aina ile, nyuzi chache za joto la nje hazikutosha kuleta sehemu 2 katika bilioni. Feni ilikuwepo mahali pa tukio, hiyo ni kweli. Ila haikuwa na nguvu ya kutenda kosa lile peke yake.

Akachukua kipimo cha volti na kufanya jambo ambalo lilionekana la kipuuzi. Hakupima volti za kurekebishia. Alipima sifuri. Kila sakiti ina mahali panapoitwa sifuri, waya wa kurudishia umeme, na volti zote zinahesabiwa kutoka hapo. Sifuri ya Arduino na sifuri ya fuwele zilikuwa zimeunganishwa kwa waya mmoja mwembamba. Kati ya ncha mbili za waya huo, mahali panapotakiwa pasiwe na kitu, alikuta milivolti 31. Akamwomba mama awashe feni. Tukasubiri. 33. 36. Ikafika 41, ikatulia.

Ndiyo hiyo. Feni inapuliza, tanuri linapoteza joto, hita inavuta umeme zaidi ili kulinda fuwele. Umeme wa hita unarudi kwa waya uleule mwembamba ambao volti za kurekebishia zinautumia kama sifuri. Umeme ukiongezeka, sifuri ya fuwele inanyanyuka kwa milivolti 10. Arduino inapeleka volti sahihi kabisa, fuwele inazipokea zikiwa pungufu. Milivolti 10 mara hezi 2 kwa volti ni hezi 0.02, na hiyo katika milioni 10 ni sehemu 2 katika bilioni. Hesabu ikafunga bila kubakiza kitu. Tanuri lilikuwa linafanya kazi yake vizuri, na kwa kufanya kazi yake likawa linaipotosha fuwele iliyomo ndani yake.

Dawa ilikuwa waya wa shilingi mia chache. Hita ikapewa njia yake mnene ya kurudia, volti za kurekebishia zikapewa sifuri yao wenyewe hadi kwenye mguu wa fuwele, na njia hizo mbili zikakutana mahali pamoja tu. Boksi la viatu likabaki. Mama akawasha feni saa mbili, akatazama taarifa ya habari, akazima saa nne. Asubuhi tulifungua kumbukumbu. Mstari ulikuwa umelala.

Mimi nimejifunza kuuliza swali jipya kazini. Zamani nikipata watu wawili wanaosema jambo moja nilikuwa naona nimemaliza. Sasa nauliza: hawa wawili wanapimia kutoka wapi? Afisa na mfanyabiashara wanaokubaliana wanaweza kuwa wote wamesoma karatasi moja iliyoandikwa na mtu wa tatu. Waya ni mmoja. Ukinyanyuka, wote wananyanyuka, na wewe unadhani umethibitisha.

Na msidhani mbingu nayo ni Msahafu. Tarehe 26 Januari 2016, baada ya setilaiti moja kongwe ya GPS kuondolewa kazini, setilaiti kadhaa zilizobaki zilitangaza saa rasmi ikiwa na kosa la mikrosekunde 13.7. Mitambo mingi duniani ilipiga kengele, na huko Uingereza redio ya kidijitali ya BBC ikapata matatizo. Vifaa vilivyosalimika vizuri ni vile vyenye fuwele nzuri na subira, vilivyoona saa kuu ikiruka ghafla vikakataa kuifuata. Hiyo ndiyo faida ya ile ndoa. Asiye na utulivu wake mwenyewe hawezi kujua hata pale mkubwa wake anapokosea.

Mnataka kujua mwisho wa hezi 600. Fundi alichomeka kihesabu chake kwenye kifaa kipya. Mapigo milioni 10 kamili yakaingia, kihesabu kikaandika pungufu ya hapo kwa kama 41. Maana yake, kwenye megahezi 100 kilikuwa kinapunguza hezi 410. Akampigia mzee simu, akamwomba akija Dar apite na kihesabu chake. Mzee akaja. Shikamoo, marahaba, chai ya mama, kihesabu mezani. Kikazidisha kama 19, yaani hezi 190 kwenye megahezi 100. Jumlisha 410 na 190.

Mtambo wa mkoani ulikuwa katikati yao.

Mzee aliitazama namba kwa muda mrefu. "Kwa hiyo wote wawili tulikuwa waongo," akasema.

"Hapana, mzee wangu," Fundi akamjibu. "Wote tulisema kweli kwa saa zetu."

Wakaandika barua moja kwa mwenye kituo, wakaweka sahihi mbili. Fedha? Sehemu imelipwa. Iliyobaki anaambiwa wiki ijayo, na wiki ijayo hiyo haina setilaiti ya kuisahihisha.

Lakini mafundi wengine wameshasikia. Siku hizi wanapita Tabata na vihesabu vyao kwenye mifuko ya nailoni. Fundi anavipima, kisha anabandika kipande cha plasta juu ya kila kimoja na kuandika kwa kalamu ya wino. Nilidhani anaandika "sawa" au "kimepimwa". Haandiki hivyo. Anaandika kimekosea kiasi gani, na tarehe. Nimekuwa nikiwaza kuhusu kibandiko hicho kila ninapofungua gazeti asubuhi, letu na la wenzetu. Hebu fikirini, chini ya kila habari pangeandikwa hivyo tu: inaweza kuwa imekosea kiasi hiki, na mara ya mwisho ilipimwa lini. Ngapi zingepita kwa mhariri?